Guanxi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uhusiano binafsi katika biashara za Wachina

Maswali haya hurudi kila msimu wa maonyesho ya Guangzhou unapokaribia. Yanatoka kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, Gikomba na Kampala wanaojiandaa kwenda kuchukua mzigo, kwa wanafunzi wetu walioko China wanaofanya ukalimani wakati wa likizo, na kwa walioajiriwa na kampuni za Kichina huku nyumbani. Majibu hayalingani urefu kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito.

Guanxi ni kitu gani hasa?

Ni mtandao wa watu wanaodaiana wema. Chukua mfano wa wenye viwanda wawili waliosoma darasa moja. Mashine ya mmoja inakufa katikati ya oda kubwa, mwenzake anamtafutia fundi usiku huohuo. Miaka inapita. Binti wa yule aliyesaidia anatafuta nafasi ya kujifunza kazi katika kampuni ya usafirishaji, na yule aliyesaidiwa anapiga simu bila kusubiri kuombwa mara mbili. Hakuna aliyeandika kitu, hakuna aliyetaja malipo, ila wote wawili wanajua hesabu imekaaje.

Deni hilo la wema Wachina wanaliita renqing. Pamoja nalo kuna ganqing, yaani mapenzi na mazoea yanayokua kadiri watu wanavyokula pamoja na kufaana, na kuna mianzi, yaani uso wa mtu mbele ya wenzake. Guanxi isiyo na ganqing haidumu. Mtu anayekuja na biashara tu, asiyeuliza hata hali ya watoto, atabaki mgeni hata akirudi kila mwaka.

Kwa nini jambo hili lina uzito hivyo kwao?

Wengi hujibu "Confucius", mwanafalsafa wa kale wa China, na kuishia hapo. Ni kweli kwamba mafundisho yake yaliyapanga maisha kwa mahusiano matano: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki. Wajibu wako unategemea nani amesimama mbele yako. Katika miaka ya 1940 mwanasosholojia Fei Xiaotong aliieleza jamii ya Kichina kwa mfano wa viduara vinavyotanuka majini jiwe likitupwa: mtu yuko katikati, ndugu wa karibu wako kwenye duara la kwanza, kisha ukoo, kisha watu wa kijiji kimoja, na kadiri duara linavyokwenda mbali ndivyo wajibu unavyopungua. Asiyejulikana na yeyote yuko nje kabisa. Hadai wala hadaiwi.

Hata hivyo naamini historia ya karibu imechangia zaidi kuliko vitabu vya kale. Wakati wa uchumi wa mipango, nafaka, mafuta ya kupikia na vitambaa vilitolewa kwa kuponi, na kitu adimu kama baiskeli kilipatikana upesi kwa aliyemjua mtu wa ghalani. Baada ya mageuzi yaliyoanza 1978 chini ya kiongozi wa China Deng Xiaoping, biashara binafsi zilichipuka kabla ya sheria za kuzilinda. Benki za serikali zilipendelea kukopesha mashirika ya serikali. Mwenye karakana ya viatu kule mji wa Wenzhou alipata mtaji kwa shemeji, kwa jirani, na kwa vyama vya kuchangiana ambavyo mtu yeyote anayecheza upatu angevielewa mara moja. Kesi mahakamani ilikuwa safari ndefu isiyo na uhakika. Kilichomzuia mtu asidhulumu ni aibu ambayo ingemfuata kwa wote anaojuana nao. Mazoea yaliyolea biashara kwa namna hiyo hayaondoki kwa sababu sheria mpya imechapishwa.

Si ni kujuana tu, kama kwetu?

Kwa sehemu, ndiyo, na Mswahili ana faida hapa kuliko mfanyabiashara wa Ulaya, kwa kuwa hahitaji kufundishwa kwamba salamu huja kabla ya shida. Tofauti ninayoiona iko kwenye kumbukumbu. Sisi daftari la michango tunaliweka kwa ajili ya harusi na misiba. Wao wanaliweka kichwani kwa kila kitu: aliyekupokea kituo cha treni, aliyekupunguzia bei ulipobanwa, aliyekuja hospitali mama yako alipolazwa. Na wanatarajia wewe pia uwe unaliweka.

Sina ninayemjua China. Nianzie wapi?

Anza kwa kutambulishwa. Mchina mwenyewe ana watu wake wa asili: waliotoka mji mmoja, waliosoma shule moja, waliokuwa jeshini pamoja. Wewe huna hata mmoja kati ya hao, kwa hiyo unahitaji mtu wa kati. Anaweza kuwa mwanafunzi wetu aliyemaliza chuo kule na kubaki, wakala anayekusafirishia mizigo, au mfanyabiashara mwenzako ambaye kiwanda kinamwamini tayari. Fahamu kwamba anayekutambulisha ameuweka uso wake rehani. Ukiweka oda ukatoweka, anayeulizwa ni yeye. Mshukuru mwanzoni, na mpe habari biashara inapokwenda vizuri, hata kama hamhitajiani tena.

Ukikosa kabisa mtu, nenda mahali ambapo wageni wamezoeleka. Maonyesho ya Guangzhou yamefanyika tangu 1957 na huitishwa mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli, kwa awamu tatu kulingana na aina ya bidhaa. Soko la Yiwu, mkoani Zhejiang, lina maduka zaidi ya 70,000 na halifuati msimu. Kosa la wengi ni kupita banda baada ya banda wakikusanya kadi. Chagua mabanda machache, kaa, uliza, ondoka, halafu rudi kesho yake kwenye banda lilelile. Siku ya pili utapewa kiti. Ya tatu, omba kwenda kukiona kiwanda.

Kadi ya biashara ipokee kwa mikono miwili na uisome kabla ya kuiweka. Jina la ukoo hutangulia, na cheo hufuata: mkurugenzi mwenye jina la ukoo Wang huitwa Wang Zong. Jina lake la kwanza liache mpaka akuruhusu mwenyewe.

Nimekaa saa nzima dukani, ananimiminia chai na bei hatujaigusa. Ananipotezea muda?

Hapana, huko ndiko mmeanza kazi.

Mikoa ya kusini ya Guangdong na Fujian utakuta meza ya chai karibu kila ofisi: sinia lenye matundu ya kupitisha maji, birika la umeme, kijibuli kidogo na vikombe vya kumeza mara mbili. Maji ya kwanza huyamwaga juu ya vikombe kuvisuuza, ya pili ndiyo unayopewa. Kikombe chako hakitakauka. Kila akikujazia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ni shukrani ya watu wa kusini, na atafurahi kuona umeijua.

Muda wote huo anakupima. Anaangalia kama una papara, kama unamsema vibaya mwenye kiwanda uliyemwacha mwaka jana, na kama unaijua bidhaa yako. Ukimweleza kwamba wateja wako wa Mwanza wanarudisha mabegi kwa sababu zipu inakatika pale inapopinda kwenye kona, umempa sababu ya kukuheshimu kuliko ukimtajia kontena kumi usizo nazo. Nimeona wenzetu wengi wakijikuza kwa oda za uongo ili wapewe bei ya chini. Bei wanaipata, na uaminifu wanaupoteza siku oda halisi inapokuja robo ya waliyoitaja.

Nimealikwa chakula cha jioni. Nifanye nini?

Usijikalishe. Meza ni ya duara, na anayekaribisha hukaa akiuelekea mlango, mgeni mkuu mkono wake wa kulia. Subiri uonyeshwe kiti, kataa kidogo kwa adabu, kisha kaa. Samaki akiletwa mzima, sehemu nyingi kichwa huelekezwa kwa mgeni mkuu, naye ndiye huanza. Vyakula viko juu ya kioo kinachozunguka katikati. Usikizungushe wakati mwingine anachota. Vijiti usivichomeke wima ndani ya bakuli la wali, kwa sababu hivyo ndivyo ubani wa wafu unavyosimamishwa. Usimalize kila kilicho mezani, mwenyeji atadhani chakula hakikutosha.

Kisha zinakuja bilauri. Mwenyeji atasimama, atasema maneno machache, na wote watakunywa. Unapogonganisha bilauri na mkubwa kuliko wewe, mdomo wa yako uwe chini kidogo ya yake. Naye huenda akaishusha ya kwake ili akuheshimu, nawe ukashusha zaidi, mpaka mmoja akubali. Baadaye zunguka wewe, mtu mmoja mmoja kwa jina lake, ukianza na aliye juu kicheo. Bili usiigombanie unapoalikwa. Wewe utaalika safari ijayo, na usisahau kufanya hivyo.

Mazungumzo ya biashara mara nyingi hayatajitokeza kabisa usiku huo. Yatakuja kesho asubuhi, na utashangaa jinsi yalivyolainika.

Mimi ni Mwislamu, au sinywi pombe tu. Nitaonekana sina adabu?

Baijiu, pombe ya nafaka ya Wachina, ni kali. Moutai, iliyo maarufu kuliko zote, ina asilimia 53 ya kileo, na hata Wachina wengi wanaikimbia wakipata njia. Sema mapema, kabla ya kukaa mezani, na ikiwezekana kupitia mtu wa kati ili mwenyeji asishtukizwe mbele ya watu wake. Kuna desturi inayokubalika ya kunyanyua chai badala ya pombe, na ukiifanya kwa bashasha hakuna atakayekuchukia. Kinachoudhi ni kukaa umenuna na kikombe kimelala. Simama, mtaje mtu, mtakie heri, nywa chai yako yote.

Kuhusu nyama, China ina mamilioni ya Waislamu, na migahawa yao huandika halali mlangoni kwa Kichina, na baadhi kwa Kiarabu pia. Maduka ya tambi za Lanzhou yapo karibu kila mji. Guangzhou, mtaa wa Xiaobei una migahawa ya Waislamu wa Kichina na ya Waafrika, na msikiti wa Huaisheng ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya nchi hiyo. Ukimwalika mshirika wako kula huko umemkaribisha kwako, na kwa wengi wao ni mara ya kwanza kuona unavyoishi.

Mzigo umekuja mbovu. Nalalamikaje bila kumvunjia mtu uso?

Hapa ndipo biashara nyingi za watu wetu zinapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kumfokea meneja mauzo mbele ya wafanyakazi wenzake, au kwenye kundi la WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, lenye watu kumi na wawili. Hata akiwa na hatia, umemfungia mlango wa kukubali. Akikubali ameaibika, kwa hiyo atakataa, atamsingizia msafirishaji, atanyamaza. Kosa la pili ni kutishia mahakama kwa shehena ambayo gharama ya wakili inaizidi thamani yake. Anajua hutakwenda.

Mwandikie faraghani. Anza na oda zilizopita zilizokwenda vizuri. Tuma picha, video, namba ya katoni, na idadi ya vipande vibovu kwa kila katoni, bila kivumishi hata kimoja. Kisha mwachie njia ya kutokea: huenda fundi mpya amekosea, huenda kitambaa kimebadilishwa na msambazaji wake. Uliza yeye anashauri mmalizeje. Mara nyingi atajibu kwa kutoa bidhaa za ziada katika oda inayofuata badala ya kurudisha fedha taslimu, kwa sababu hilo linaweza kufanyika bila yeyote kutangazwa mkosaji. Kama oda ijayo ipo kweli, likubali, ila liandikwe kwenye ankara ya awali kabla hujalipa. Asipojibu kabisa, ndipo umtafute mtu wa kati. Kazi ya kusuluhisha ni yake kwa desturi, na uso wake nao umo ndani ya suala hilo.

Anaposema "tutalitazama" ana maana gani?

Kwa kawaida, hapana. Vivyo hivyo "ni vigumu kidogo" na "si rahisi". Ukisikia "hakuna tatizo" kwa jambo gumu, uliza litafanyikaje, na nani, lini.

Zawadi gani zinafaa?

Kitu cha kwenu chenye hadithi na kisicho ghali mno: kahawa ya Kilimanjaro au ya Kenya, korosho, viungo vya Zanzibar, kinyago kidogo. Angalia kwanza sheria za forodha kuhusu vyakula na vitu vya asili. Vya pembe, ngozi au meno ya wanyamapori usiguse kamwe.

Saa ya ukutani na mwavuli viache, vinahusishwa na kifo na kutengana. Chochote kisiwe vinne. Nane ni heri. Karatasi nyekundu inafaa, nyeupe ni ya msiba. Toa kwa mikono miwili, tegemea akatae mara moja au mbili, na usishangae akiiweka pembeni bila kuifungua. Kama watu ni wengi, aliye juu apate kilicho bora, na mtu yeyote asikose. Wakati wa sikukuu ya katikati ya vuli utaletewa keki za mwezi. Nawe ujumbe wa heri utume siku hiyohiyo.

Nikifanyiwa hisani nalipaje, na lini?

Hisani haiozi, na kwa Wachina usemi huo ungeeleweka bila maelezo. Usilipe papo hapo. Ukimpelekea pesa mtu aliyekusaidia kupata nafasi ya kontena wakati wa msongamano, umemwambia kwamba hutaki kudaiwa naye, yaani hutaki uhusiano. Subiri nafasi yake itokee. Mtoto wake anatafuta chuo, binamu yake anakuja Dar es Salaam kuangalia soko la vigae, yeye mwenyewe anataka kujua kama kampuni fulani ya Nairobi inalipa. Hapo ndipo unapolipa, tena uzidishe kidogo, ili mzani uegemee upande wako.

Usikubali pia wema usioweza kuubeba. Mwenyeji akikulipia hoteli, chakula na gari kwa wiki nzima kabla hujaweka oda, jiulize ataomba nini.

Kama uhusiano ndio kila kitu, mkataba una maana gani?

Nasema hili kwa mkazo kwa sababu watu wamepoteza nyumba: guanxi haijawahi kuchukua nafasi ya karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari, na Wachina wenyewe, marafiki wa damu, huandikiana.

Ni kweli wengi wao huona mkataba kama mwanzo wa safari. Bei ya pamba ikipanda ghafla, mwenye kiwanda atakuja kuomba mzungumze upya, na hatajiona mvunja ahadi, maana anaamini rafiki hamwachi mwenzake aangamie kwa sababu ya karatasi. Siku mauzo yako yakianguka, naye anatarajiwa kukuelewa. Jadili, lakini jadili ukiwa na karatasi mkononi.

Na karatasi iwe nzuri. Sheria ya mikataba sasa imo katika Kanuni ya Madai iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Sahihi inatambuliwa, ila katika biashara kinachoaminiwa kuliko vyote ni mhuri rasmi wa kampuni: wa duara, wino mwekundu, kwa kampuni za ndani una nyota katikati, na umesajiliwa polisi. Jina la kampuni liandikwe kwa Kichina, kwa sababu jina la Kiingereza lililo kwenye kadi si lile lililosajiliwa. Kesi mahakamani huendeshwa kwa Kichina, hivyo mkataba uwe na nakala ya Kichina uliyoikagua kwa mkalimani wako mwenyewe, si wa kiwanda. Omba namba ya usajili yenye jumla ya tarakimu na herufi 18 na uiangalie kwenye mfumo wa serikali wa taarifa za makampuni, ulio wazi kwa umma.

Tumekuwa marafiki. Bado nikague mzigo?

Ndiyo. Utaratibu wa kawaida ni malipo ya awali ya asilimia 30, na 70 kabla ya kupakia. Hizo 70 ndizo nguvu yako yote, kwa hiyo kagua kabla ya kuzitoa. Tuma mkaguzi wa nje na umwambie rafiki yako ukweli kwamba washirika wako nyumbani wanadai ripoti. Hapo hakuna anayeshukiwa. Akaunti ya benki iwe na jina la kampuni iliyo kwenye mkataba. Ukiambiwa ghafla ulipe akaunti ya mtu binafsi au akaunti mpya, piga simu ya video umwone uso kwa uso kwanza, hata kama ujumbe umetoka kwenye namba yake. Wezi huingia kwenye barua pepe za viwanda na kubadilisha namba za akaunti.

Anaweza kunipa mali kauli?

Anaweza, na wengi wa wafanyabiashara wetu waliokua Guangzhou walikua kwa njia hiyo: chukua nusu, uza, lipa, chukua zaidi. Haiombwi, hutolewa. Ukiona unaongezewa siku za kulipa bila kudai, ujue umeingia ndani.

Ila pima uzito wake. Mwaka 2011 wenye viwanda wengi wa Wenzhou walielemewa na mikopo waliyokopeshana wao kwa wao, na baadhi walikimbia mji. Fedha ilikuwa imepita mikono ya ndugu na majirani, kwa hiyo mmoja alipoanguka aliwavuta waliomdhamini. Ukichelewesha malipo ya mali kauli, anayeumia anaweza kuwa shangazi wa mwenye duka ambaye akiba yake ndiyo iliyonunua kile kitambaa. Piga simu kabla ya tarehe kufika, lipa hata kidogo. Kuzima simu ndiko kunakomaliza kila kitu, na huwachafulia wengine wanaotoka nchi yako.

Mpaka kati ya guanxi na rushwa uko wapi?

Upo, na sheria ya China inauchora hata kwa wafanyakazi wa kampuni binafsi. Anayempa meneja ununuzi bahasha ili apate oda anaweza kushtakiwa, na anayepokea vilevile. Mwaka 2014 mahakama ya mji wa Changsha, China, iliitoza kampuni ya dawa ya Uingereza GlaxoSmithKline faini ya yuan bilioni 3 kwa kuwahonga madaktari na hospitali. Mwaka 2016 benki ya Marekani JPMorgan ililipa mamlaka za Marekani takriban dola milioni 264 kwa sababu ya kuwapa ajira watoto na ndugu wa wakubwa wa Asia, wakiwemo wa China, ili kupata biashara. Desemba 2012 chama tawala cha China kilitoa masharti manane dhidi ya karamu na anasa za maofisa, na biashara ya pombe ghali na migahawa ya kifahari ikayumba mwaka uliofuata.

Kipimo changu ni hiki. Kama jambo linaweza kusemwa mbele ya bosi wake na wafanyakazi wenzake, ni guanxi. Kama ni lazima lipitie akaunti ya mke wake, achana nalo. Kwa mtumishi wa serikali usitoe hata kitu kidogo.

Mimi ni mwanamke. Mambo yote haya ya karamu yananihusuje?

Yiwu na Guangzhou utakuta wanawake wengi sana nyuma ya kaunta, na mara nyingi wao ndio wenye duka au ndio wanaoshika fedha. Wafanyabiashara wanawake kutoka kwetu hujenga uhusiano imara nao kwa njia isiyohitaji bilauri hata moja: chai ya mchana, habari za watoto, kupelekana sokoni. Ukialikwa karamu ya usiku yenye wanaume watupu, nenda na mwenzako au pendekeza chakula cha mchana. Ni ombi la kawaida.

Kwa nini kila mtu ananiomba WeChat?

Kwa sababu hiyo ndiyo ofisi. Ilianza 2011, na leo bei, picha, malipo na salamu vyote vinapita humo. Barua pepe hujibiwa kwa kuchelewa. Weka picha yako halisi na jina la biashara. Salimia wakati wa mwaka mpya wa Kichina, na kumbuka kwamba kipindi hicho, ambacho huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, wafanyakazi hurudi makwao na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Oda yako iwe imetoka kabla.

Vijana wa sasa nao wanajali haya?

Kwa kiasi kidogo zaidi, hasa Shenzhen na kwa wanaouza mtandaoni. Alipay, mfumo wa malipo ya mtandaoni, ilianzishwa ili kutatua tatizo hilihili: mnunuzi na muuzaji wa Taobao, soko la mtandaoni, hawakujuana, kwa hiyo fedha ilishikiliwa katikati mpaka mzigo ufike. Programu imebeba kazi iliyokuwa ya mtu wa kati, kwa bidhaa ndogo. Lakini mtu akitaka kiwanda kimfungulie kalibu mpya, kimpangie oda katikati ya msimu, au kimwambie kweli kwamba malighafi ya mwaka huu si nzuri, hapo bado anahitaji mtu.

Mshirika wangu wa China anakuja kututembelea. Nimpokeeje?

Nenda uwanja wa ndege wewe mwenyewe. Usimtume dereva peke yake. Mpe ratiba iliyoandikwa, mpeleke dukani aone bidhaa zake zinavyouzwa, mtambulishe kwa wateja wako na umsifu mbele yao. Maji ya moto yawepo kila mahali, na usimbanie muda wa kupumzika mchana. Mlete nyumbani ale na familia. Siku ya kuondoka msindikize mpaka mlango wa ukaguzi.

Mtu wangu ameacha kazi kiwandani. Uhusiano unabaki na nani?

Unamfuata yeye, kwa kuwa guanxi ni ya watu na haiandikwi kwa jina la kampuni. Watu wa mauzo huhama mara kwa mara, na wengi huondoka na wateja wao.

Akikuaga, mwombe akutambulishe kwa atakayechukua nafasi yake na kwa mwenye kiwanda, kwenye kundi moja la WeChat, kabla hajarudisha simu ya kazi. Hifadhi mazungumzo yote ya bei na vipimo, maana mpya hatapewa. Kisha baada ya mwezi mmoja au miwili mwandikie yule wa zamani umuulize amefikia wapi. Anaweza kuwa kiwanda cha jirani, au amefungua chake na anatafuta oda ya kwanza. Oda hiyo ya kwanza ukimpa, hata ndogo, hataisahau.